Ndugu akikamatwa Marekani, tuulize kwanza yuko jela ya nani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu namna magazeti yetu ya Kiswahili, likiwamo lako, yanavyoandika habari za watu wa Afrika Mashariki wanaokamatwa huku Marekani. Habari hizo huja na picha zinazofanana: kijana kasimama mbele ya ukuta mtupu, macho yamemtoka, amevaa ovaroli ya rangi ya chungwa, na juu yake kichwa cha habari kinatangaza kwamba fulani amefungwa Marekani au ametupwa gerezani. Ukiisoma habari yenyewe hadi mwisho unakuta mtu huyo alikamatwa Ijumaa, akafikishwa mbele ya jaji Jumatatu, na kesi yake imepangiwa tarehe ya mwezi ujao. Mtu huyo hajafungwa. Hajahukumiwa na mahakama yoyote, na huenda hata upelelezi haujakamilika, lakini kufikia hapo nyumbani kwao watu wamekwisha kumlilia na majirani wamekwisha kumhesabu mhalifu.

Naandika kutoka Louisville, Kentucky, ambako nafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili, mahakamani na hospitalini. Jimbo hili lina wasemaji wengi wa lugha yetu, hasa katika miji ya Louisville na Lexington, na wengi wao ni wakimbizi kutoka Kongo waliopita kambi kama Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Kiapo changu kinanikataza kusimulia kesi ya mtu yeyote niliyemkalimania, kwa hiyo nitakayoyaeleza hapa ni yale yaliyo katika sheria na katika kumbukumbu za mahakama zilizo wazi kwa kila mtu.

Nchini Marekani mahali pa kumshikilia mtu hasa ni pa namna mbili, zenye wenyewe tofauti, fedha tofauti na makusudi tofauti. Ya kwanza ni jela ya kaunti. Hii kwa kawaida ni ya serikali ya mtaa, na katika majimbo mengi husimamiwa na sherifu anayechaguliwa kwa kura. Hapa Kentucky katiba ya jimbo imeweka kabisa cheo cha mkuu wa jela, naye hugombea kila baada ya miaka minne kama anavyogombea diwani, ingawa Louisville na Lexington jela zao ziko chini ya serikali ya jiji. Ya pili ni gereza, ambalo ni la serikali ya jimbo au la serikali kuu ya shirikisho. Gereza la zamani kuliko yote hapa Kentucky liko Eddyville, jengo la mawe lililokaa ukingoni mwa maji tangu karne ya 19, na humo ndimo wanamowekwa wanaume waliohukumiwa kifo. Wanawake waliohukumiwa hupelekwa Pewee Valley. Serikali ya shirikisho nayo ina magereza yake humu humu, likiwamo lile la wafungwa wagonjwa lililoko Lexington, na hayo hayana uhusiano wowote na gavana wala na sherifu.

Anayeingia jela ya kaunti ni mtu aliyekamatwa jana usiku, au anayesubiri kesi, au aliyehukumiwa kifungo kifupi, kwa kawaida kisichozidi mwaka mmoja. Anayeingia gerezani ni mtu ambaye kesi yake imekwisha, hatia imethibitishwa au ameikiri mwenyewe, na amepewa kifungo cha zaidi ya mwaka. Jela ni kama stendi ya mabasi: wengi wanaingia, wengi wanatoka, wachache wanakaa. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba katikati ya mwaka huo jela za Marekani zilikuwa na watu wapatao 660,000, wakati magereza mwishoni mwa mwaka yalikuwa na watu takriban milioni 1.25, lakini mara ambazo watu walipokelewa jela ndani ya miezi 12 zilizidi milioni 7. Na katika wale waliokuwa jela siku ya kuhesabiwa, takriban saba kati ya kumi walikuwa hawajatiwa hatiani kwa shtaka lililowaweka humo. Hao ndio tunaowaandika kuwa wafungwa.

Naelewa kosa hili linakotoka. Kwetu Tanzania mahabusu na mfungwa wote wako mikononi mwa Jeshi la Magereza, na mtu akisema shemeji yake yuko Segerea hujui bado kama amehukumiwa au anasubiri, mpaka uulize. Tofauti tunayoizoea kuiona kwa macho ni nguo: mahabusu hubaki na nguo zake na mfungwa huvaa sare. Ndiyo maana picha ya ovaroli ya chungwa inatupoteza, kwa kuwa jela za Marekani humvua kila anayeingia nguo zake na kumvalisha za jela, awe ameua au awe ameshindwa kulipa faini za barabarani, na hapo hapo humpiga picha ambayo jela nyingi huiweka kwenye tovuti zao kabla hata ndugu zake hawajajua kwamba amekamatwa. Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe iliona ubaya wa nguo hizo. Mwaka 1976, katika kesi iliyotoka Texas, ilisema kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mshtakiwa kusimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama akiwa na nguo za jela, kwa sababu wale wanaopaswa kumwona hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo watamtazama kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Kama mahakama imekataza mavazi hayo yasionekane na wazee 12, sioni kwa nini sisi tuyaweke mbele ya wasomaji maelfu pasipo hata mstari mmoja wa maelezo.

Sitaki msomaji adhani kwamba jela ni mahali pepesi kwa kuwa ni pa muda. Watu waliopita kote kuwili husema mara nyingi kwamba gereza lina nafuu. Gerezani kuna ratiba, kuna kazi, kuna madarasa, kuna maktaba na uwanja wa kutembea, maana waliolijenga walijua kwamba mtu atakaa humo miaka. Jela ilijengwa kwa hesabu ya mtu wa kupita, kwa hiyo haina vingi zaidi ya kitanda, televisheni ukutani na simu ya kulipia, na kumtembelea mtu siku hizi mara nyingi ni kupitia skrini ya video, hata ukiwa umesimama ndani ya jengo hilo hilo. Mtu huingia akiwa amelewa, au na ugonjwa wa akili, au na shinikizo la damu ambalo dawa zake zimebaki nyumbani, na askari wa zamu hawamjui kabisa. Saa za kwanza ni za hatari kuliko zile zinazofuata.

Kentucky nayo ina vurugu yake ambayo lazima niitaje, la sivyo msomaji wa huku ataniambia kwamba nimepaka rangi. Sheria ya jimbo inaruhusu watu waliohukumiwa kwa makosa ya daraja la chini kabisa la jinai kubwa, yale yenye kifungo cha kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, watumikie vifungo vyao katika jela za kaunti badala ya magereza ya jimbo, na jimbo huilipa kaunti dola thelathini na ushee kwa kila mmoja kwa siku. Louisiana hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Matokeo yake ni kwamba kaunti maskini huitegemea fedha hiyo katika bajeti, hujenga jela kubwa kuliko mahitaji yake, na mtu anayesubiri kesi hulala chumba kimoja na mtu anayetumikia mwaka wa tatu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinataka wasiohukumiwa watengwe na waliohukumiwa. Nchi tajiri kuliko zote haikupaswa kushindwa na jambo hilo kwa sababu ya dola thelathini, na kwa maoni yangu hii ni aibu ambayo wapiga kura wa hapa wameizoea.

Baadhi ya jela hizo hizo, ile ya kaunti ya Boone ikiwa mfano, zimekuwa zikikodishwa pia na serikali ya shirikisho kuwaweka watu wanaoshikiliwa na idara ya uhamiaji, ambao huenda hawana shtaka lolote la jinai. Basi jengo moja linaweza kuwa na watu wa mabwana watatu: wa kaunti, wa jimbo na wa uhamiaji. Ndiyo maana nasema swali la kwanza la ndugu lisiwe amefanya nini, bali liwe nani anayemshikilia, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kuna dhamana, kama kuna wakili wa bure na kama kuna siku ya kutoka. Kwenye kesi ya jinai asiye na uwezo hupewa wakili wa umma bila malipo. Haki hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1963. Kwenye mahakama ya uhamiaji hakuna wakili wa kupewa, na asiye na fedha husimama peke yake. Na mtu anaweza kuhama kutoka bwana mmoja kwenda mwingine bila kuhama chumba: idara ya uhamiaji huweza kuiomba jela imzuie kwa hadi saa 48 zaidi baada ya siku aliyopaswa kutoka, bila kuhesabu wikiendi na sikukuu, na familia iliyolipa dhamana asubuhi ikajikuta jioni inamsubiri mtu ambaye hatoki.

Kuhusu dhamana, familia zetu zimeumizwa sana. Katika majimbo mengi ya Marekani kuna wafanyabiashara wa dhamana: unampa wakala sehemu ya kumi ya kiasi alichotaja jaji, yeye anamdhamini ndugu yako, na ile sehemu ya kumi huioni tena hata kesi ikifutwa kesho yake. Kentucky ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1976. Hapa afisa wa mahakama humhoji aliyekamatwa ndani ya saa 24, hutoa taarifa kwa jaji, na jaji huweza kumwachia kwa ahadi tu, au kwa fedha inayolipwa kwa karani wa mahakama. Lakini ukivuka daraja la mto Ohio kutoka Louisville ukaingia Jeffersonville umeshaingia jimbo la Indiana, na huko mawakala wapo. Illinois, iliyopakana nasi pia, imefuta kabisa dhamana ya fedha tangu Septemba 2023. Sasa fikiria ndugu walioko Kigoma au Bukavu wanaochangishana kwenye kundi la WhatsApp ili kumtoa mtoto wao, na mtu wasiyemjua anapiga simu akidai ni wakala wa dhamana wa Kentucky na kwamba anataka fedha zitumwe kwa kadi za zawadi. Kama wangejua kwamba Kentucky haina wakala wa dhamana hata mmoja, simu hiyo ingekatwa mara moja.

Nifike sasa kwenye jambo linalonisukuma kuandika. Mtu akishikiliwa jela kwa wiki tatu anapoteza kazi, na kazi ikipotea kodi ya nyumba hailipwi. Katika hali hiyo huletewa pendekezo la mwendesha mashtaka: kiri kosa dogo, upewe kifungo cha nje, uende nyumbani leo. Zaidi ya tisa kati ya hukumu kumi za hatia nchini humu hupatikana kwa njia hiyo ya kukiri bila kesi kusikilizwa. Kwa raia wa Marekani pendekezo hilo linaweza kuwa la busara. Kwa mkimbizi au mwenye kadi ya ukaazi linaweza kuwa tiketi ya kurudishwa alikotoka.

Kesi iliyofafanua jambo hili ilitoka hapa hapa Kentucky. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40 na alipigana vita vya Vietnam katika jeshi la nchi hii. Alikuwa dereva wa lori, kazi ambayo vijana wetu wengi wanaifanya, na mwaka 2001 alikamatwa akiwa na shehena ya bangi. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kuhusu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini miaka mingi, naye akakiri. Kumbe kosa alilolikiri lilimfanya aweze kufukuzwa karibu bila njia ya kujitetea. Tarehe 31 Machi 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa mshtakiwa asiye raia anawajibika kumweleza kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Tangu hapo swali hilo lazima liulizwe, lakini mshtakiwa naye anapaswa kujua kwamba ana haki ya kulisikia jibu kabla ya kutia sahihi.

Mpaka wa mwaka mmoja, ule unaotenganisha jela na gereza, ndio unaowadanganya watu wetu zaidi. Mtu husikia kwamba kosa lake ni la jela tu wala si la gereza, akapumua. Lakini sheria ya uhamiaji ina mpaka wake. Mgeni aliyehukumiwa mwaka mmoja kamili kwa wizi, au kwa kosa la kutumia nguvu, huweza kuhesabiwa katika kundi la wahalifu wakubwa kabisa wa kufukuzwa, na kifungo cha nje huhesabiwa sawa na cha ndani. Kentucky adhabu ya juu ya makosa madogo ni miezi 12. Kwa hiyo mtu anaweza kupewa miezi 12 ya kifungo cha nje kwa kuiba vitu dukani, akaondoka mahakamani siku hiyo hiyo akiwa na furaha, hajaliona gereza hata kwa mbali, na bado akawa ameharibu ukaazi wake wote. Washington mwaka 2011, California mwaka 2015 na New York mwaka 2019 zilirekebisha sheria zao ili adhabu ya juu ya makosa madogo iwe siku 364, yaani waliondoa siku moja tu kwa makusudi haya haya. Wakili anayejua anaweza kuiomba siku hiyo moja iondolewe hata Kentucky, katika mazungumzo na mwendesha mashtaka. Asiyejua haiombi, na mteja hawezi kuidai kama hajawahi kuisikia.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu gazeti lako linasomwa na ndugu walioko nyumbani, ambao ndio hupigiwa simu ya kwanza. Wajue kwamba simu za jela zinarekodiwa isipokuwa za wakili, na Kiswahili hakifichi kitu, kwani mwendesha mashtaka hulipia mkalimani amfasirie. Shangazi akiuliza ilikuwaje, jibu liwe tutaongea ukitoka. Wajue pia kwamba jela nyingi zina orodha ya walioko ndani kwenye mtandao, kwamba jimbo lina orodha yake ya wafungwa, serikali ya shirikisho ina yake na idara ya uhamiaji ina yake, na kwamba kutoonekana katika orodha moja hakumaanishi mtu ameachiwa. Kuna na huduma ya bure inayompigia simu au kumtumia ujumbe yeyote aliyejiandikisha pindi mtu fulani anapotolewa au kuhamishwa. Ilianzia hapa Louisville baada ya mauaji ya mwaka 1993 ya msichana ambaye hakuarifiwa kwamba aliyemdhuru ametoka jela, na sasa iko karibu nchi nzima. Tanzania iko katika orodha ya nchi ambazo ubalozi wake lazima uarifiwe raia wake anapokamatwa, hata kama mwenyewe hakuomba. Mkimbizi aliyeikimbia serikali yake ana sababu zake za kutotaka ubalozi, naye ashauriane na wakili kwanza.

Kwa waandishi wako ombi langu ni dogo. Kabla ya kuandika kwamba mtu amefungwa Marekani, wafungue orodha ya jela ya kaunti husika. Humo huonyeshwa tarehe aliyoingia, shtaka, kiasi cha dhamana na mara nyingi tarehe ya kufika mahakamani. Kama hakuna hukumu basi waandike kwamba anashikiliwa, wataje shtaka kama shtaka, na wataje tarehe hiyo ya mahakama ili msomaji ajue kuna habari inayokuja. Na ikifika tarehe hiyo waifuatilie. Nimeona katika kurasa zenu habari nyingi za kukamatwa. Za watu hao hao kuachiwa, au za mashtaka yao kufutwa, sijaziona, na picha zao za ovaroli ya chungwa bado zinapatikana kwa kuandika majina yao.

Wako katika kazi,
Msomaji wako
Louisville, Kentucky